Kibwebwe cha Jino

Mume wangu Ndolo hatulii. Nalisema hilo mapema, mtu asije akaniuliza baadaye. Mwekee kiti, atakaa mpaka chai ipoe nusu, kisha atainuka akatazame mihogo, arudi, atazame mawingu, aende tena kwenye mihogo ile ile utadhani imezaa mingine nyuma yake. Nimeishi naye miaka ishirini na sita na sijamwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi, isipokuwa mara moja, nayo nitaifikia. Zamani nilidhani ni maringo ya watu wa Nairobi. Sasa najua ni kitu gani, na laiti nisingejua.

Sisi ni Wakamba wa Kikoneni. Wazazi wake walikuja huku pwani kutafuta ardhi, wakaipata, wakapanda michungwa na mihogo, nami nilipoletwa kuolewa nilimkuta mama mkwe ameshajua Kidigo cha kugombana nacho kisimani. Ndolo hakukaa. Alienda Nairobi, na mwaka wa themanini na tatu akapata kazi ya kufagia katika maabara moja ya mambo ya meno. Baada ya miaka miwili wakaona ana mikono mitulivu. Mikono, si miguu! Wakamfundisha kukata.

Kukata nini? Hapo ndipo watu huangua kicheko. Taya za panya. Tena si panya wakubwa, ni vitoto vya panya ambavyo hata meno havijaota. Taya inalowekwa dawa, inafungwa ndani ya nta, kisha inakatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, na kila kipande kinalazwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Akija likizo nikimuuliza umefanya nini mwaka huu, ananijibu, "Nimekata." Nami nawaambia majirani yuko serikalini.

Kilichokuwa kikitafutwa humo alinieleza baadaye sana. Mwili umejengwa kwa seli, za mtu na za panya, na seli ikipata dhiki, iwe joto, homa au kuchomwa, hutengeneza protini fulani ya kuishikilia isisambaratike. Wakubwa wake waliiita protini ya dhiki. Walikuwa na rangi ya kuifichua: palipo na protini ile, kipande huwa chekundu. Basi panya wengine wakatiwa joto, na wengine wakaachwa wale na walale, ili walinganishwe. Kumbe hata wale walioachwa kustarehe walikuwa na wekundu! Tena mahali maalumu, kwenye seli zinazojenga gamba gumu la jino, ndani ya ufizi, kabla jino lenyewe halijaonekana.

"Hakuna aliyezigusa," Ndolo aliniambia, na hapo ameshasimama. "Kazi yenyewe ndiyo dhiki. Seli ile hujirefusha, hupanga chokaa, haina mapumziko. Haingoji homa ndipo ijikaze. Inajifunga kibwebwe kwanza, ndipo ianze kazi. Kama wewe ukienda kutwanga."

Mimi nikishika mchi hutoa leso mabegani nikaikaza kiunoni, kila mwanamke hufanya hivyo. Sasa mwanaume huyu amelichukua neno letu la kinuni akalipeleka ndani ya jino la panya. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

Mwaka wa tisini na sita walimpunguza kazi, yeye na wengine wengi. Akarudi na sanduku la nguo, hadubini kuukuu waliyompa kumuaga, na mkebe wa bati uliojaa vile vioo vyake, thelathini na kitu, vimepangwa wimawima kama biskuti. Sasa sikiliza nilichofanya. Niliufungua mkebe, nikaona vioo vina madoa mekundu na utando kama wa gundi. Nikajisemea, maskini, mwanaume aliyeishi peke yake hata vyombo haoshi. Nikachemsha maji, nikatia Omo, nikavisugua mpaka vikang'aa, nikavianika juani kwenye ungo.

Aliporudi kutoka shambani alisimama mbele ya ule ungo bila kutikisika.

"Mama Mbinya," akasema, "umeosha miaka kumi na mmoja."

"Vilikuwa vichafu!" nikamjibu, maana nami si mtu wa kukubali makosa papo kwa papo. Vilipona vinne tu, vile alivyokuwa ameviweka kwenye mfuko wa koti.

Tangu hapo miguu ikamzidi. Hana cha kukata, basi akaanza kusoma vinywa vya watu. Haki ya Mungu niliona aibu. Mtu anamwamkia vizuri, anamuuliza habari za mvua, yeye anamtazama meno. Siku moja alimsimamisha Nzai, dereva wa trekta, akamwomba afungue mdomo. Nzai ni Mduruma mpole, akafungua. Meno yake ya mbele yana mstari uliokatiza katikati, kama mfereji uliochimbwa kwa ukucha.

"Uliugua sana ukiwa na miaka miwili, mitatu hivi," Ndolo akamwambia.

Nzai akaenda kumuuliza mamake. Mamake akasema ndiyo, ilikuwa surua, na kaburi lilikuwa limeshaanza kuchimbwa. Loo! Kesho yake uani kwangu wameketi watu kumi na mmoja wanasubiri kusomewa, na mmoja amekuja na kuku. Ndolo akawaeleza habari za seli: kwamba kibwebwe nacho kina mwisho wake, homa ikizidi seli huacha kazi siku kadhaa, na siku zile hubaki zimeandikwa kwenye jino maisha yote. Wao walitaka kujua aliyewaroga ni nani. Wakaondoka wamenuna, na kuku wao, na jina la Mganga wa Panya likamganda.

Kinywa kimoja tu hakuwahi kukitazama. Kilikuwa cha mwanetu Mbinya.

Mbinya tulijaliwa naye mwaka wa sabini na tano, hatukupata mwingine. Ni mrefu, ana sauti nzuri, lakini hana meno ya chonge, juu wala chini. Ya utotoni hayakuota. Ya ukubwani yalitoka mawili tu, mafupi, ya kahawia, yamelala upande, naye akayang'oa kwa hasira alipofika Diani kutafuta kazi. Hucheka ameziba mdomo kwa kiganja. Hoteli iliyomwajiri ilimweka mapokezi mwezi mmoja, kisha ikamhamishia kwenye kufua mashuka, na hakuna aliyemwambia sababu. Tangu akiwa mdogo nilikuwa nikimwambia, "Umezaliwa hivyo, mwanangu. Ni kazi ya Mungu."

Ulikuwa uongo. Alipokuwa na miezi saba alishikwa na kuhara na homa. Mama mkwe akamtia kidole kinywani, akapapasa ufizi, akasema umevimba penye chonge: ni meno ya nailoni, yasipotolewa mtoto anakufa. Sisi wote tuliamini hivyo. Akaitwa mwanamke mwenye spoku ya baiskeli iliyonolewa, nami nikamshika mwanangu. Vikatoka vitu vinne vidogo, vyeupe, laini, na kweli ukivitazama utasema nailoni. Baada ya siku tatu kuhara kukakoma. Ndolo alipokuja likizo nilimfungulia karatasi nikamwonyesha. "Hivi ndivyo vilivyotaka kutuulia mtoto," nikamwambia. Naye akanishukuru.

Sasa nakuja kwa Ivan, mjukuu wangu. Mbinya alimzaa Juni ya tisini na saba, na Agosti ghasia za Likoni zikatokea, wageni wakakimbia, hoteli zikabaki na viti vitupu. Mbinya akarudi nyumbani na mtoto mgongoni. Halafu ikaja ile mvua ya El Nino isiyojua kukoma. Mahindi yalioza yamesimama, visima vikaingia maji ya matope, na watoto wakaanza kuhara nyumba baada ya nyumba. Januari, Mbinya aliposikia kuna hoteli inafungua tena, akaniachia Ivan akaenda kujaribu bahati yake.

Siku ya nne baada ya kuondoka, Ivan akashikwa. Siku ya tatu ya ugonjwa macho yalikuwa yameingia ndani na hakuwa akilia tena, akichezesha tu midomo. Ndolo alimbeba akitembea naye, kutoka mlangoni hadi jikoni, jikoni hadi mlangoni, huku akimtilia maji ya sukari na chumvi kwa kijiko. Anayatapika, anamtilia tena. Mimi nilitamani kupiga kelele. "Keti!" nikamwambia. "Unamtikisa mtoto!" Hakusikia.

Asubuhi ile nilimpokea nimpanguse, nikamtia kidole kinywani. Ufizi ulikuwa umevimba, una weupe kwa ndani, pale pale penye chonge. Mtoto si wangu, ni amana ya mwanangu, na anakufa mikononi mwangu. Ndolo akasema anakwenda kumtafuta Nzai atupeleke Msambweni na trekta, kwa kuwa gari lolote lingezama. Alipotoweka tu nikamtuma jirani kwa Philister.

Philister ni mke wa fundi baiskeli, mtu wa bara kama sisi, mwanakwaya, mwanamke wa kukupikia uji ukifiwa. Wengi walimwita kwa kazi ile. Alikuja mbio katika matope, ameshika viatu mkononi, spoku imefungwa kwenye kitambaa safi.

"Pole, Mama Mbinya. Siku ya ngapi?"

"Ya tatu. Tazama mwenyewe."

Akapapasa. "Nailoni," akasema. "Nne. Yamechelewa, lakini tutajaribu." Akaichovya spoku katika maji ya moto. Nikakaa chini, nikakaza leso, nikakibana kichwa cha Ivan kati ya magoti.

Mtu mwingine angengoja. Nzai hakuwapo, mkewe alimwambia Ndolo aketi, anarudi sasa hivi na trekta. Lakini huyu aketi! Akaacha ujumbe, akageuka, akarudi mbio kumtazama mtoto. Aliingia mlangoni Philister akiwa ameinama.

Nilijitayarisha kutukanwa. Nilikuwa na majibu yangu tayari mdomoni. Ndolo hakunitukana. Alimwambia Philister, "Mama, subiri kidogo tu, hebu nionyeshe uliyowahi kuyatoa. Najua unayo."

Philister alikuwa nayo. Kina mama hutaka kuona. Akatoa kibiriti mfukoni, ndani ya pamba mna kimoja kimekauka, kidogo kuliko punje ya mtama. Ndolo akakidondoshea maji, akaiburuta hadubini mpaka dirishani, akakiweka chini yake. Vidole havikutetemeka hata kidogo. Kisha akaniita mimi. Nikamkabidhi Philister mtoto, nikaenda nikainama.

Niliona kofia. Kofia nyeupe yenye ncha, tupu ndani. Hata mtoto wa shule angejua ni nini.

"Chonge," nikasema.

"Sasa tazama hiki." Akaweka kimoja cha vile vioo vinne. Nikaona umbo lile lile, la panya, limekatwa katikati, na kwenye ukingo wa ile kofia seli zimesimama bega kwa bega, ndefu, nyekundu. Nyekundu kabisa. Vile nilivyoviosha kwa Omo vilikuwa kama hivi.

"Hapo zinafanya kazi," akasema. "Halijatoka nje bado. Halijamuuma mtu, halijamtia mtu homa. Zimejifunga kibwebwe zinajenga jino, basi. Kuhara ni maji ya kisima."

Philister akasema, "Watoto walipona, Mzee Ndolo. Nimeona kwa macho yangu."

"Wengi wangepona tu, mama. Na wengine hawakupona, nao umewaona."

Philister alinirudishia mtoto, akaifunga spoku katika kitambaa, akatoka bila viatu vyake. Kibiriti alikiacha dirishani. Sijui kama aliiacha kazi ile. Tukikutana kanisani tunaamkiana, kisha kila mmoja anafungua kitabu chake cha nyimbo.

Nikabaki na mume wangu, na jambo likanijia polepole. "Baba Mbinya," nikasema, "umejua lini?"

"Themanini na tano. Mwezi wa kwanza waliponifundisha kukata. Nilitazama kioo nikaona kile ulichonionyesha kwenye karatasi."

"Miaka kumi na mitatu! Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulimshika kwa kumpenda. Na mimi nikakushukuru." Alikuwa ameshaanza kutembea, mlangoni hadi jikoni, akaniita kwa jina langu. "Unaniambia keti, keti. Nikiketi naviona, Kavenya. Vinne. Kwenye karatasi."

Trekta likanguruma nje. Nikaifungua leso kiunoni, nikamfunika nayo Ivan, tukapanda. Njia nzima mpaka Msambweni tulimtilia maji kwa kijiko, kwa zamu, tope linaturukia usoni na Nzai anaapa kwa kila kitu kitakatifu kwamba hatutakwama. Tulikwama mara mbili. Hospitali wakamtundikia dripu, na siku ya pili Ivan akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu hivyo. Ndolo alikizunguka kitanda kile mpaka muuguzi akamtoa nje.

Mbinya tulimwambia mtoto alihara akapona. Mengine sikusema. Kila siku nilijiambia kesho, na kila Mbinya alipoziba mdomo kucheka, nilipata kazi ya kufanya jikoni. Nikaanza kuelewa kutotulia ni nini. Niliamka nikafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Desemba ile Mbinya akaja kwa Krismasi. Alikuwa amepata kazi Diani, kufua tena. Tuliketi ukumbini, chai iko mezani, Ivan ana mwaka mmoja na nusu, anapanda magoti ya kila mtu. Mbinya akamtia kidole kinywani kumchokoza, naye akakiuma.

"Aii! Mama, njoo uone! Ameota chonge!" Akamgeuzia kichwa mwangani. Lilikuwa hapo, jeupe, ncha yake kali, limepasua ufizi. Mbinya akacheka, kiganja kikapanda mdomoni. "Afadhali wewe, baba," akamwambia mwanawe. "Hukurithi kinywa changu."

Nikamtazama Ndolo. Alikuwa ameshika kikombe. Nilingoja ainuke aende kwenye mihogo. Hakuinuka. Alikunywa chai yote, polepole, mpaka mwisho, akakiweka kikombe chini na kunitazama.

"Mbinya," nikasema. "Hukuzaliwa hivyo."

Kiganja chake kilibaki pale pale mdomoni.

"Uliugua kama alivyougua huyu. Yalitolewa. Mimi ndiye niliyekushika."

Nikamweleza yote, karatasi, spoku, bibi yake, na yale niliyotaka kumfanyia Ivan. Sikujitetea, na kwangu mimi hilo si jambo dogo. Ivan alikuwa akimvuta sikio. Mbinya akakishusha kiganja, na kinywa chake chote kikawa wazi mbele yangu, mapengo manne, nami sikuenda jikoni.

"Nililia?" akaniuliza.

"Ulilia mpaka sauti ikakauka."

"Na wewe, mama?"

Ningeweza kumdanganya hata hapo. Mdomo ulikuwa tayari.

"Hapana," nikamwambia. "Mimi nilikuwa nimejifunga kibwebwe."